Angani unampigia rais kura, Puerto Rico hapana! Maajabu ya uchaguzi wa Marekani

Je, wajua kwamba Mmarekani akiwa angani, kilomita kama 400 juu ya vichwa vyetu, anaweza kumpigia kura rais? Lakini Mmarekani mwenzake aliyekaa zake nyumbani San Juan, Puerto Rico, hawezi. Siyo utani.

Tuanze huko juu. Mwaka 1997 jimbo la Texas, ambako wanaanga wengi wa NASA wanaishi, liliweka utaratibu wa kuwawezesha kupiga kura wakiwa kazini. Mwaka huohuo David Wolf alipiga kura akiwa kwenye kituo cha Urusi cha Mir, ingawa ulikuwa uchaguzi wa mambo ya nyumbani kwao tu. Kura ya rais alikuja kuipiga Leroy Chiao mwaka 2004. Karatasi ya kura inatumwa kwa kompyuta ikiwa imefungwa kwa siri, mwanaanga anachagua, inarudi kwa karani wa kaunti. Imeisha hiyo.

Sasa shuka Puerto Rico. Kisiwa hiki cha Karibi kina watu zaidi ya milioni 3, raia wa Marekani tangu 1917. Pasipoti ni ileile, na vijana wao wamekufa kwenye vita vya Marekani. Vyama vinawaruhusu hata kushiriki kura za mchujo za kumpata mgombea, halafu siku ya uchaguzi wenyewe wanabaki watazamaji. Ni kama uitwe kupika pilau ya harusi, ikiiva unaambiwa ukumbini usiingie.

Sababu ni hii: Katiba ya Marekani haikumpa raia kura ya rais mkononi. Iliyapa majimbo. Kila jimbo linatoa wajumbe wake, jumla wako 538 nchi nzima, na mgombea akifikisha 270 ameshinda. Puerto Rico si jimbo, kwa hiyo haina mjumbe hata mmoja. Guam, Visiwa vya Virgin, Samoa ya Marekani na Mariana ya Kaskazini ni hivyohivyo. Hata wakazi wa Washington, mji anaokaa rais mwenyewe, hawakuwa na kura hiyo mpaka Katiba iliporekebishwa 1961. Walimpigia rais kwa mara ya kwanza 1964.

Wapo wanaosema ni haki, kwa sababu watu wengi wa Puerto Rico hawalipi kodi ya mapato kwa serikali kuu. Mimi hoja hiyo hainiingii. Maskini wa Texas ambaye kipato chake hakifikii kiwango cha kukatwa kodi hiyo, mbona anapiga kura?

Kituko kikubwa zaidi ni hiki. Chukulia una ndugu yako Ohio aliyeshaapa na kuwa raia wa Marekani. Akirudi kuishi Nairobi au Dar es Salaam, sheria ya 1986 inamlinda: ataendelea kumpigia rais kura kupitia Ohio, hata akikaa huku miaka 20. Ila akihamia San Juan, ambako bado yuko chini ya bendera ya Marekani, kura hiyo kwaheri.

Guam wao wameamua kupiga hivyohivyo. Tangu 1980, kila uchaguzi wa rais wanapiga kura ya mfano. Kwa kuwa saa zao ziko mbele ya Washington kwa saa 15, matokeo yao hutoka mapema kabisa, vyombo vya habari vinayatangaza, na hayahesabiwi popote.

Kwa mtu mmojammoja, dawa ni tiketi ya ndege. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 2017, maelfu walihamia Florida. Walipofika tu na kuwa wakazi wa huko, wakawa na haki ya kujiandikisha kama raia wengine wa jimbo. Waliobaki kisiwani wakisubiri umeme urudi hawakupata sauti ya kumhukumu rais kwa msaada alioleta au asioleta.

Kwa kisiwa kizima, njia ni kuwa jimbo. Kwenye kura za maoni za 2020 na 2024 wengi waliopiga walichagua hivyo. Tatizo ni kwamba anayeamua ni Bunge la Marekani, na humo Puerto Rico ina mwakilishi mmoja tu, ambaye naye miswada ikifika hatua ya mwisho hana kura.