Upepo au Maji? Jinsi ya Kupoza Kompyuta

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tumezoea kuona kompyuta zikitumika, lakini ni wachache waliopata kujiuliza ule upepo wa moto utokao nyuma ya sanduku lake watoka wapi. Mimi nami sikujiuliza mpaka likizo iliyopita, nilipokwenda kumsaidia baba yangu mdogo katika duka lake la picha kule Kigwena, kusini ya mji wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika.

Kazi ya baba mdogo ni kutengeneza video za arusi. Siku moja, yapata saa saba mchana, alikuwa akimaliza kazi ya watu waliokwisha kulipa nusu ya fedha, mara kompyuta ikazimika ghafula. Akaiwasha, ikafanya kazi robo saa, ikazimika tena. Wenye arusi walitaka video yao Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mwuza vyombo mmoja alikuwa amemwambia ya kuwa dawa yake ni mtambo wa kupoza kwa maji, wenye taa za rangi, na bei yake ilikaribia mapato ya mwezi mzima. Baba mdogo akanitazama akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe usomaye fizikia. Ninunue au nisinunue?" Niliona haya, maana sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe siku moja nisome. Haya ndiyo niliyojifunza.

Ndani ya kompyuta mna kipande kiitwacho prosesa, ambacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Karibu umeme wote uingiao ndani yake hugeuka kuwa joto. Prosesa nyingi za mezani zimeundwa kwa kiasi cha wati 65. Zile kubwa, kama Intel Core i9-14900K iliyotoka mwaka 2023, zaweza kufika wati 253. Kumbukeni balbu ya zamani ya wati 60: ukiigusa yakuunguza. Basi fikirini joto la namna hiyo likitoka mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba! Prosesa ikikaribia nyuzi 95 au 100 hupunguza mwendo wake yenyewe, na joto likizidi hapo hujizima isije ikaungua. Kwa hiyo kompyuta ya baba mdogo haikuwa imekufa, ilikuwa ikijiokoa.

Njia ya kwanza ya kuipoza ni upepo. Juu ya prosesa huwekwa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi membamba, na feni hupuliza hewa kati ya mapezi hayo. Vile vilivyo bora vina mabomba membamba ya shaba yaliyozibwa, na ndani yake mna maji kidogo sana. Maji hayo hupata joto yakawa mvuke, mvuke hukimbilia kwenye mapezi, hupoa ukawa maji tena, kisha maji hurudi yalikotoka. Ndivyo tuonavyo matone chini ya kifuniko cha sufuria. Kumbe hata katika kupoza kwa upepo maji yamo!

Njia ya pili ni maji hasa. Pampu huyasukuma maji yapite juu ya prosesa, yaende kwa mipira hadi kwenye rejeta yenye feni, kisha yarudi, kama katika gari. Maji ni mchukuzi hodari: lita moja ya maji huchukua joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa, vyote vikipanda nyuzi sawa. Ndiyo sababu kompyuta kubwa mno, kama ile iitwayo Frontier iliyozinduliwa mwaka 2022 huko Oak Ridge, Marekani, hupozwa kwa maji.

Lakini hapa ndipo penye jambo kubwa. Maji hayo hulipeleka wapi joto? Huipa rejeta, na rejeta huipa hewa ya chumbani. Basi katika njia zote mbili hewa ndiyo ipokeayo mzigo mwishoni. Chumba kikiwa na nyuzi 32, si feni wala rejeta itakayoifikisha prosesa chini ya 32.

Niliwaza pia kuvuta maji ya ziwa, kwa kuwa tumelala kando yake. Mjini Toronto, Kanada, tangu mwaka 2004 majumba makubwa hupozwa kwa maji ya kina cha Ziwa Ontario, yenye nyuzi 4 hivi. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, lakini hata chini kabisa maji yake yapita nyuzi 23. Tena yana madini, ambayo yangeganda katika vijia vyembamba kama yagandavyo ndani ya birika. Nikaiacha fikira hiyo.

Basi tuchague nini? Kwa prosesa kubwa ifanyayo kazi ngumu kutwa, au sanduku lisilo na nafasi ya mapezi marefu, maji yafaa. Lakini pampu ikifa, joto hupanda upesi. Mpira ukivuja, vyombo vya umeme hulowa. Feni ikifa, hununuliwa nyingine kwa bei nafuu, na mtu yeyote mwenye bisibisi aweza kuifunga. Mapezi makubwa nayo yana ila yake: ni mazito, na heri yavuliwe kabla ya kusafirisha kompyuta katika barabara mbaya.

Prosesa ya baba mdogo ilikuwa ya wati 65. Nikamwambia, "Usinunue, baba. Kwanza tufungue tuone." Tulikuta mapezi yamezibwa na vumbi na nyuzi za nguo kutoka kwa fundi cherehani wa jirani, na ile dawa nzito ipakwayo chini ya chuma ilikuwa imekauka kama udongo. Tulipiga brashi, tukapaka dawa mpya tuliyopata kwa fundi wa simu, tukalisogeza sanduku mbali na ukuta. Kazi ile ile iliyoifikisha prosesa nyuzi 97 sasa iliifikisha 81. Video ya arusi ilikuwa tayari Ijumaa usiku.

Wenzangu, kabla ya kununua chombo cha kupoza, ulizeni joto ni kiasi gani, laenda wapi, na nani atatengeneza kikiharibika. Kisha fungueni mpanguse vumbi, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.