Je, Wajua? Mtetea Ndiye Mwamuzi

Je, wajua kwamba mtetea anaweza kuzitupa mbegu za jogoo asiyemtaka? Jogoo hana uume. Humpanda mtetea mgongoni, wakagusanisha matundu yao ya nyuma kwa sekunde chache, basi. Kwa hiyo nani awe baba wa vifaranga si shauri la jogoo peke yake. Utasema: mbona humkimbiza na kumpanda kwa nguvu? Ni kweli, na majogoo wanyonge ndio hasa wenye tabia hiyo. Lakini mara tu baada ya kupandwa, mtetea anaweza kukamua mbegu hizo akazitoa nje, na huwafanyia hivyo zaidi majogoo wa hadhi ya chini. Anazozibakiza huzitunza katika vimirija vidogo mno mwilini. Jogoo mwenye cheo hubembeleza: hushusha bawa moja na kumzunguka, au huokota punje, huiangusha, huiokota tena huku akiita, hadi mtetea aje aile yeye. Mbegu zilizotunzwa hudumu wiki mbili au zaidi. Ukimchinja jogoo leo, yai litakalotagwa wiki ijayo bado laweza kutoa kifaranga wake.