HITILAFU, DOSARI NA KUTOOANA: MKASA WA JINA LILILOBADILISHWA KATIKA KIINI CHA KOMPYUTA

Miongoni mwa rasimu za tafsiri zilizofika mezani petu imo orodha ya maonyo ambayo kompyuta humwandikia fundi pale programu inapokataa kufanya kazi. Onyo mojawapo liliandikwa hivi: "Hakuna mwanachama aitwaye 'state' katika muundo wa kazi." Tulilisoma mara mbili. Katika lugha yetu mwanachama ni mtu aliyejiunga na chama, mwenye kadi na ada yake. Mfasiri wa rasimu nyingine, ambaye hakutaka kuliacha neno la Kiingereza likining'inia, aliandika "dola". Hatuwacheki ndugu hawa. Walipewa maneno wayafasiri bila kuelezwa jambo lililotokea, na kwa hiyo tumeonelea jambo lenyewe lielezwe hapa kabla ya kuzungumzia istilahi zake.

Kila kompyuta inayo programu moja iliyo chini ya nyingine zote. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamua ni kazi ipi itumie kichakataji na kwa muda gani, na inayozuia programu moja isiharibu mali ya nyingine. Programu hiyo tunaiita kiini cha mfumo wa uendeshaji. Wako waliopinga, wakisema kwamba kiini kimekwisha kuchukuliwa na wanabiolojia kwa seli na wanafizikia kwa atomu, wakapendekeza kokwa. Sisi tunashikilia kiini, kwa sababu mafundi wa mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969, waliita programu ya nje inayopokea amri za mtumiaji kwa neno lenye maana ya ganda. Kiini na ganda ni maneno yaliyokwisha zoeana ndani ya yai, wala hayahitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kiswahili.

Kiini tunachokizungumzia ni kile cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Ndicho kinachoendesha simu za Android ambazo wengi wa wasomaji wetu wanazo mfukoni.

Watumishi wa serikali wataelewa upesi zaidi tukisema kwamba kiini kina masjala yake. Kila kazi inayoendelea katika kompyuta hufunguliwa jalada, na ndani ya jalada mna vipengele: namba ya kazi, mwenye kazi, na hali yake, yaani kama inaendelea, imelala ikingojea jambo, au imesimamishwa. Kipengele hiki cha hali kwa miaka mingi kiliandikwa kwa jina la "state". Programu za kawaida haziingii masjala. Huja dirishani, zikaomba, zikapewa. Lakini ziko zana za uchunguzi ambazo fundi huzituma ndani ili ajue kwa nini mtambo unasuasua. Mojawapo, katika mkusanyo wa zana uitwao BCC, hupima muda ambao kazi hukaa foleni kabla ya kupata kichakataji. Zana hiyo hupita nyuma ya dirisha na kujisomea jalada.

Mnamo Juni 2021 Peter Zijlstra, mmoja wa watunzaji wa sehemu ya kiini inayopanga zamu za kazi, alikirekebisha kipengele hicho. Katika mashine za biti 64 kilikuwa na upana wa baiti 8, naye akakipunguza hadi baiti 4. Pamoja na hayo alibadilisha jina, akatanguliza mistari miwili ya chini, likawa "__state". Jina hilo jipya halikuletwa kwa kuwa la zamani lilikuwa baya. Alitaka kila mahali palipolitumia jina la zamani pajitokeze penyewe, ili pakaguliwe, na usomaji na uandishi wa hali ya kazi ufanywe kwa njia moja iliyo salama. Ni kama mkuu wa masjala anayebadilisha kwa makusudi namba ya fomu, ili kila karani aliyezoea ile ya zamani alazimike kuja kuuliza.

Badiliko hilo lilitoka katika toleo la 5.14, tarehe 29 Agosti 2021. Zana za BCC hufasiriwa kuwa lugha ya mashine papo hapo, kwa kufuata maelezo ya kiini kilichopo katika kompyuta. Zilipokitafuta kipengele cha "state" hazikukiona, zikatoa onyo lile lililomsumbua mfasiri wetu. Na afadhali zilikataa kwa sauti! Zana iliyokwisha tayarishwa zamani, ikasoma baiti 8 mahali penye 4, ingeweza kuchanganya hali ya kazi na mambo ya kipengele cha jirani, ikampa fundi jibu la uongo kwa utulivu kabisa.

Mfasiri atauliza: kosa ni la nani? Kiini cha Linux kina kanuni ambayo Torvalds ameitetea kwa ukali mara nyingi, kwamba badiliko la kiini lisivunje programu za watumiaji. Lakini kanuni hiyo inamlinda anayekuja dirishani. Mpangilio wa ndani ya masjala haukuahidiwa mtu yeyote. Basi kiini hakikuwa na ubovu, wala zana haikuwa na ubovu siku moja kabla. Kilichokatika ni maafikiano baina yao.

Hapa ndipo lugha yetu inapotutega. Rasimu zote mbili zilisema kwamba "zana ina hitilafu". Neno hitilafu, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya tofauti. Ndiyo maana watu hufarakana tukasema wamehitilafiana. Baadaye likachukua pia maana ya ubovu, na leo fundi wa gari akisikia hitilafu huwaza kifaa kilichoharibika. Kwa mintarafu ya mkasa huu maana ya kwanza ndiyo ya kweli, na ya pili ndiyo itakayosomwa. Ofisi inayopokea ripoti kwamba zana ina hitilafu huenda ikaitupa zana nzima, au ikamlaumu aliyeitengeneza.

Kwa hiyo tunapendekeza dosari kwa kosa lililomo ndani ya programu yenyewe, na uoanifu kwa kule programu mbili kuweza kufanya kazi pamoja, kinyume chake kikiwa kutooana. Wako watakaotabasamu kwa kuwa kuoana ni jambo la mume na mke. Lakini rangi za nguo nazo huoana, na hakuna aliyewahi kuzidai mahari. Hitilafu ibaki kwa tatizo ambalo chanzo chake hakijajulikana.

Zana zenyewe zilitengenezwa kwa namna rahisi: siku hizi huuliza kwanza kama jalada lina kipengele chenye jina jipya, kikiwapo hukitumia, kisipokuwapo hurejea lile la zamani. Hivyo zana moja yafaa kwa kiini kipya na kikuukuu. Wahariri wa kamusi nao wangefaa kufanya hivyo. Aliyesoma tarakilishi katika vitabu vya shule vya Kenya, au aliyewahi kukutana na ngamizi, asifike katika orodha zetu akaambiwa hakuna neno kama hilo. Aelekezwe penye kompyuta.

Tunarudi kwenye onyo. Mwanachama awe kipengele. Ama "state", yule mfasiri aliyeliacha kwa woga alipatia, na aliyeandika dola alikosea. Hata angeandika hali angekosea. Katika onyo hilo neno hilo ni jina la pekee la kipengele, na fundi atalitafuta herufi kwa herufi katika matini ya programu. Tafsiri tunayoipendekeza ni hii: "Muundo wa jalada la kazi hauna kipengele kiitwacho 'state'."