Ndoo, Rika na Saa za Mapumziko

Mapumziko ya kijana wa Newala hayaeleweki pasipo kutazama kwanza ardhi anayoikanyaga. Uwanda wa Makonde umejengwa kwa mchanga na mawe ya mchanga yapitishayo maji upesi. Mvua hunywea ardhini, na chemchemi huzuka chini kabisa, mabondeni. Bomba linapokauka, msichana hushuka mteremko na kuupanda tena na ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 kichwani. Jioni yake huishia hapo, ilhali kaka yake yumo kiwanjani akicheza kandanda.

Kikundi cha kwanza cha kijana hakina daftari la wanachama. Ni rika lake la jando, au la unyago kwa msichana. Wavulana waliokaa likumbi moja aghalabu hubaki marafiki hadi uzeeni. Wala mila hii haikuganda: Vincent Lucas, askofu wa Masasi tangu 1926, aliliingizia jando ibada za Kikristo, na baadaye kalenda ya shule ililisogeza likizoni na kulifupisha. Skauti, kwaya na timu za mpira zimejengwa juu ya rika, hazikuliondoa.

Basi klabu ya sayansi ikiwekwa alasiri, rika zima la wavulana huenda likahudhuria. Wasichana wangali njiani na ndoo.