UTUNZAJI WA MAJENGO YA KALE: FUNZO LA BEIT EL-AJAIB

Mnamo tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit el-Ajaib, Forodhani, iliporomoka wakati kazi ya kulitengeneza jengo hilo ikiendelea, na wafanyakazi wawili wakafariki dunia. Jengo hilo, lililojengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, lilisalimika na mizinga ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896. Maji na kutu ni adui wa namna nyingine.

Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wengi wamedhani kuwa hifadhi ni shughuli ya wafadhili na wataalamu. Kwa hakika sehemu yake kubwa ni kazi ndogondogo za kila mwaka.

Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa huuachia unyevu utoke, saruji huuzuia. Ukuta uliopigwa lipu ya saruji huonekana mkavu ilhali ndani unalainika, na boriti huoza pale zinapoingia ukutani. Beit el-Ajaib ina jambo la ziada, nalo ni nguzo za chuma zinazobeba roshani zake, ambazo sehemu yake iliwahi kuanguka mwaka 2012. Chuma kinachopata maji na hewa ya chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hupasua kilichokizunguka. Fundi azibaye ufa huo kwa nje huwa ameuficha tu.

Kwa hiyo mpango wa utunzaji huanzia juu. Kabla ya masika na kabla ya vuli, mtumishi aliyetajwa kwa cheo chake ahakikishe paa limekaguliwa, milizamu imesafishwa na miti iliyoota kwenye nyufa imeng'olewa, kisha aandike daftarini. Kipande cha kioo kikigandishwa juu ya ufa na kikavunjika, ni dalili kwamba ukuta bado unakwenda. Afisi zetu hutunza daftari la safari za gari kwa makini. Daftari la paa ni nadra kulikuta.

Gharama hizo ziwemo katika matumizi ya kawaida ya afisi inayolitumia jengo. Zikisubiri fungu la maendeleo, mlizamu uliovunjika masika haya utatengenezwa, kama utatengenezwa, baada ya masika matatu.

Wakaazi, wakiwemo wa nyumba za wakfu, wanakumbushwa kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya kujenga au kubadilisha chochote. Anayeona ufa mpya, boriti iliyoinama au maji yanayochuruzika ukutani aiarifu Mamlaka au Sheha wake, na asilaze mtu chini ya dari hiyo mpaka ikaguliwe.