Tiba ya Selimundu Ilianzia Kwenye Mashamba ya Chumvi

Novemba 2023, Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza duniani inayohariri jeni kwa teknolojia ya CRISPR. Mwezi uliofuata Marekani nayo ikaipitisha kwa wagonjwa wa selimundu. Kwetu Afrika Mashariki, ambako watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu, habari hiyo ni kubwa. Tuulize basi: chanzo chake kilikuwa wapi?

Hakikuwa hospitalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Francisco Mojica, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Alicante, Hispania, alikuwa akichunguza vijidudu vya mashamba ya chumvi ya Santa Pola. Alitaka kujua vinastahimilije chumvi kali kiasi kile. Ndani ya vinasaba vyao akakuta vipande vinavyojirudia kwa mpangilio, ambavyo baadaye viliitwa CRISPR. Watafiti wa Japani walikuwa wameona vipande vya aina hiyo katika bakteria mwaka 1987, bila kujua kazi yake.

Mojica hakuliacha swali hilo. Mwaka 2003 alibaini kwamba baadhi ya vinasaba vilivyo katikati ya vipande hivyo vinafanana na vya virusi vinavyoshambulia bakteria. Kumbe vijidudu hutunza kumbukumbu za adui ili vijikinge. Majarida kadhaa yalimkatalia makala yake hadi ilipochapishwa mwaka 2005. Mwaka 2012, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna wakaonyesha kwamba kinga hiyo inaweza kuelekezwa ikate vinasaba mahali panapotakiwa. Mwaka 2020 wakapata Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Tiba yenyewe, Casgevy, hairekebishi kosa la jeni linalosababisha selimundu. Huchukua seli shina za damu za mgonjwa na kudhoofisha jeni ya BCL11A, ambayo huzima hemoglobini ya mtoto aliye tumboni. Hemoglobini hiyo ikirudi, chembe nyekundu hazichukui umbo la mundu kwa urahisi. Njia hiyo ina mizizi katika uchunguzi wa mwaka 1948, pale daktari Janet Watson wa New York alipotambua kwamba hemoglobini hiyo ndiyo huwakinga watoto wachanga wenye selimundu.

Nasi tumo katika historia hii. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hiyo imeenea zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu.

Hakuna hata mmoja kati ya watafiti hawa aliyeanza kazi akiahidi dawa. Mfadhili anayedai bidhaa ndani ya miaka mitatu angewanyima wote. Kampuni huingia njia ikishaonekana. Kabla ya hapo, mzigo ni wa fedha za umma.

Nchini Marekani, Casgevy ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nchi isiyogharamia utafiti wa msingi hubaki mnunuzi, tena wa bei isiyoimudu. Nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi bado hazijafika huko. Bajeti ijayo ikisomwa, wabunge wetu waidai asilimia hiyo, na sehemu yake iende kwa maswali ambayo faida yake bado haijaonekana.