Foni inanyamaza jua likilala: juu ya nini?

Ni saa mbili ya usiku. Mama ya mutoto yuko kwenye foni, anaita bwana yake aliye kule kwenye dhahabu, upande wa Durba. Asubuhi sauti ilikuwa wazi. Sasa ni makelele tupu. Tunalaumu batri, tunalaumu mwenye foni, hata tunagombana naye juu ya franga. Mara nyingine kosa haliko hapo. Liko juu sana.

Kuanzia kama kilomita 80 juu ya vichwa vyetu, jua linavunja-vunja hewa na kuijaza umeme. Tabaka hilo linaitwa ionosfere. Foni inalitumia kama ukuta: sauti inapanda, inagonga, inashuka mbali. Telefone ya satelite na GPS, zile zinalipenya.

Jua likisha kulala, sehemu ya chini inapoteza umeme haraka, ya juu inabaki nzito. Na kintu chepesi hakikai chini ya kizito. Umeona uji wa bukari ukitokota? Mapovu yanapanda. Njo vile hata kule, ila povu moja linaweza kuwa na upana wa makumi ya kilomita. Sauti ikipita ndani yake inatetemeka, inapotea, inarudi. Inatokea zaidi karibu na mstari wa katikati wa sumaku ya dunia, unaopita kaskazini ya Kongo. Ndugu zetu wa Durba wako karibu nao kuliko sisi wa Katanga.

Tusifikiri ni mchezo. Tarehe 4 mwezi wa 3, 2002, kule Afghanistan, elikoptere ya Marekani iliitwa kwa redio ya satelite isitue juu ya mlima Takur Ghar. Ujumbe haukufika. Ilienda moja kwa moja kwenye risasi, na katika mapigano yale askari 7 walikufa. Mwaka 2014, Michael Kelly na wenzake walichukua vipimo vya satelite vya siku ile, wakatengeneza povu ndani ya ordinatere, wakapitisha mawimbi ya redio ndani yake. Jibu: povu lilichangia, pamoja na milima yenyewe. Hawakulibebesha povu kosa lote, na tunawasifu kwa hiyo.

Motorola za kwenye mine hazihusiki, mawimbi yao hayapiti huko. Lakini kama habari ni ya ajali ao mgonjwa, usingoje jioni, ita mchana. Na ikikataa usiku, rudia nyuma ya saa sita. Mara nyingi mapovu yanakuwa yameanza kuisha.